2+2 ilipotoa 6: niliyojifunza kwenye kompyuta ya kujijengea

Mwanzoni mwa mwaka 1984 vibanda vya magazeti vya Belgrade viliuza toleo maalumu la jarida la sayansi la Galaksija, lililopewa jina Računari u vašoj kući, yaani kompyuta nyumbani kwako. Nakala 30,000 za kwanza zilikwisha, likachapwa tena na tena hadi zikakaribia 100,000. Ndani yake mlikuwa na kompyuta nzima kwenye karatasi: mchoro wote wa saketi, ramani ya njia za shaba za bodi, orodha ya vipuri, na maelezo ya kila chipu inafanya nini na kwa nini imewekwa pale. Mwenye kujua kulehemu na mwenye subira angeweza kuijenga mezani kwake. Kompyuta hiyo ilibeba jina la jarida, Galaksija, na aliyeibuni ni Voja Antonić.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa umeme Belgrade, mmoja wa Waafrika waliokwenda kule kwa ufadhili kwa sababu nchi zetu na Yugoslavia zilikuwa pamoja katika umoja wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Mkutano wa kwanza wa umoja huo ulifanyika katika jiji hilo hilo, Septemba 1961. Nimestaafu sasa. Vijana waliopitia mikononi mwangu wakiwa mafundi wa vifaa vya maabara hupenda kuniuliza nilisomea wapi kutafuta ubovu wa mashine isiyo na mchoro. Darasani nilifundishwa mengi na ninawashukuru walimu wangu wote, lakini kutafuta ubovu nilifundishwa na Galaksija, na hasa na wiki zile ambazo ilikataa kufanya kazi.

Nieleze kwanza kwa nini Wayugoslavia walijijengea. Kompyuta za nyumbani zilikuwa tayari madukani Uingereza na Ujerumani Magharibi, lakini forodha ya Yugoslavia haikuruhusu raia kuingiza bidhaa yenye thamani inayozidi marki 50 za Kijerumani, na hakuna kompyuta iliyopatikana kwa bei hiyo. Waliokuwa na ZX Spectrum wengi wao waliipitisha mpakani imefichwa. Mimi habari hiyo haikunishangaza hata kidogo. Nyumbani Tanzania serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu 1974, baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za Hazina kwenye kompyuta kuleta hasara. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mimi nilikua bila kuiona hiyo wala nyingine. Hata televisheni bara hatukuwa nayo. Wazanzibari walikuwa nayo, tena ya rangi, sisi tulikuwa na redio. Kwa hiyo nilifika Ulaya nikijua redio kwa undani, kwa sababu mjomba wangu Tanga alikuwa fundi redio na likizo zangu zote za shule zilipita kwenye kibanda chake, lakini sijawahi kugusa kibodi.

Jirani yangu wa chumba katika mabweni ya Studentski Grad alikuwa kijana wa Banja Luka. Yeye ndiye aliyekuja na jarida. Tulilisoma pamoja, yeye akinifafanulia maneno magumu ya Kiserbia, mimi nikimfafanulia mchoro, maana mchoro wa saketi ni ule ule Tanga na Belgrade. Nilipofika kwenye ukurasa unaoeleza namna picha inavyotengenezwa, nililiweka chini nikaenda kutembea. Sijawahi tena kuona ubunifu ulionipendeza kiasi hicho, na ninaomba msomaji anivumilie nieleze, kwa sababu bila hapa mambo ya mbele hayataeleweka.

Kompyuta nyingi za nyumbani za wakati ule zilikuwa na chipu maalumu ya kutengeneza picha ya televisheni. Ilikuwa ghali, na huko Yugoslavia ilikuwa adimu. Majira ya joto ya 1983 Antonić alikuwa likizoni Risan, pwani ya Montenegro, akisoma kitabu cha maelezo cha RCA 1802, prosesa, yaani chipu inayotekeleza amri za kompyuta. Humo aliona jinsi prosesa inavyoweza kushiriki yenyewe katika kutengeneza picha. Akajiuliza kama prosesa ya Z80 ingeweza kuifanya kazi hiyo karibu yote kwa programu, bila ile chipu ghali.

Sasa, Z80 inapochota amri kutoka kwenye kumbukumbu hutumia mapigo manne ya saa. Katika mawili ya kwanza inaisoma amri. Katika mawili ya mwisho, wakati ikiishughulikia ndani kwa ndani, hutoa nje anwani nyingine kabisa, ambayo waliobuni Z80 waliikusudia kwa ajili ya kuhuisha kumbukumbu za aina ya DRAM, ambazo husahau zisipoguswa kila mara. Anwani hiyo hutoka kwenye rejista, kihifadhi kidogo ndani ya prosesa, iitwayo R, inayojiongeza yenyewe kila amri. Galaksija haikutumia DRAM. Ilitumia chipu za 6116, kumbukumbu tuli zisizohitaji kuhuishwa, kwa hiyo anwani ile ilikuwa inapita bure. Antonić akaidaka. Akapanga wakati wa kuchora skrini anwani ile iwe ndiyo inayoonyesha herufi ipi iletwe kutoka kwenye kumbukumbu ya skrini, ipite kwenye chipu ya maumbo ya herufi, iende kwenye televisheni.

Na hesabu zikakubali. Kristali yake ni ya megahezi 6.144, na prosesa inakwenda nusu ya hapo, 3.072. Mapigo manne ya prosesa ni sawasawa na nukta nane za picha, na herufi moja ya Galaksija ina upana wa nukta nane. Kila amri moja fupi inapopita, herufi moja inakuwa imechorwa kimo cha mstari mmoja. Skrini ina safu 16 za herufi 32, kila herufi ina kimo cha mistari 13, jumla mistari 208. Televisheni ya Ulaya inachora mistari 312 na nusu kila sehemu moja ya 50 ya sekunde. Maana yake theluthi mbili ya muda wa prosesa inatumika kuchora, na mwenye programu anabakiziwa theluthi moja. Ni polepole, ndiyo. Lakini kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote kimeondolewa, na kazi yake imebebwa na kitu ambacho tayari kilikuwepo.

Bodi nayo ilibuniwa kwa huruma ile ile. Ilikuwa na shaba upande mmoja tu, ili mtu aweze kuichonga nyumbani kwa dawa. Palipohitajika njia ya pili unalehemu kipande cha waya juu yake. BASIC yake, lugha ya kuandikia programu, iliyotokana na ile ya kompyuta ya TRS-80, ilibanwa ikaingia kwenye EPROM moja ya kilobaiti 4, chipu ya kumbukumbu isiyosahau umeme ukizimwa. Ujumbe wa makosa ulikuwa wa aina tatu tu: WHAT? maana yake sijakuelewa, HOW? maana yake nimekuelewa ila haiwezekani, na SORRY maana yake nafasi imekwisha. Toleo dogo kabisa lilikuwa na kilobaiti 2 za RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, na baiti 512 kati ya hizo zilikuwa za skrini.

Dejan Ristanović, aliyeandika sehemu kubwa ya toleo lile, na mhariri Jova Regasek walipanga namna ya wasomaji kupata vipuri. Bodi na kibodi zilitoka Buje, mji mdogo wa Istria, chipu zikatoka Graz, Austria, na EPROM alizijaza Antonić mwenyewe. Walioandika kuagiza walipita 8,000. Mimi na mwenzangu tulichanga: fedha nyingi zake, kulehemu kwangu. Televisheni ilikuwa kuukuu, ya nyeusi na nyeupe. Sanduku halikuwemo kwenye kifurushi, kila mtu alitengeneza la kwake, na letu lilitokana na mbao za saraka ya kabati.

Kulehemu sikuona shida. Kinachotakiwa ni kuchoma njia ya shaba na mguu wa kipuri kwa pamoja, ndipo uguse waya wa risasi, nao utiririke wenyewe. Ukiyeyusha risasi juu ya chuma cha kulehemu na kuipaka, inashika kwa nje na ndani hakuna kitu. Kila kiungo kilichopoa nilikitazama kwa lenzi, nikapima kwa mita kati ya njia zilizo jirani. Chipu zote tulizipa soketi, na soketi tulizipata kwa bei nafuu kutoka kwa mtu aliyekuwa akiuza vipuri vilivyobaki kwenye kazi nyingine.

Tulipowasha, skrini ilijaa alama za kufungua na kufunga usemi. Mamia ya alama " zimepangana kwa safu, kila mahali, na juu kabisa neno RGCFČ.

Mwenzangu alitaka tubadilishe chipu moja moja. Ndivyo mafundi wengi wanavyofanya hadi leo, na ninawaelewa, kwa sababu mikono inataka kufanya kitu. Lakini hatukuwa na chipu za akiba, na kuagiza nyingine kulimaanisha kusubiri posta ya Austria. Tukampelekea msaidizi wa maabara kitivoni, mzee ambaye wanafunzi wote walimwita majstor kwa heshima, kama sisi tunavyomwita mtu fundi. Aliitazama skrini kwa muda, akauliza, "Picha inatetemeka?"

"Hapana, majstore. Imetulia."

"Basi prosesa inafanya kazi. Ndiyo inayoichora. Msiguse kitu. Andikeni mlichotegemea kuona, na pembeni yake mnachokiona." Akaendelea na shughuli zake.

Maneno yale nimeyatumia maisha yangu yote, kwa hiyo nayaeleza polepole. Katika mashine nyingine picha iliyotulia haisemi lolote kuhusu prosesa, kwa sababu chipu ya picha inaweza kuendelea kuchora hata prosesa ikiwa imekufa. Katika Galaksija prosesa ndiyo mchoraji. Picha ikitulia ina maana saa inapiga, prosesa iko hai, EPROM ya programu inasomeka, na mapigo yanayoiamsha mara 50 kwa sekunde yanafika. Kabla hatujashika mita, nusu ya bodi ilikuwa imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Tuliweza kulijua hilo kwa sababu jarida lilitueleza mashine yote hadi chini.

Tukaandika. Tulitegemea READY, tukaona RGCFČ. R imebaki R. E imekuwa G, A imekuwa C, D imekuwa F, Y imekuwa Č. Nafasi tupu imekuwa alama ya usemi. Mwenzangu akabonyeza kibodi bila kuona vizuri anachoandika, akaamuru PRINT 2+2. Jibu likaja: 6. Akaamuru 3+3. Jibu: 6.

Kwa mtu asiyejua, hiyo ni mashine iliyopotewa na akili, wakati mwingine inapatia, wakati mwingine inakosea. Tulichukua jedwali la herufi lililokuwa kwenye jarida na kuziandika kwa biti, yaani kwa tarakimu za 0 na 1 ambazo kompyuta huzitumia, moja chini ya nyingine:

A ni 1000001, C ni 1000011.
D ni 1000100, F ni 1000110.
4 ni 0110100, 6 ni 0110110.
Nafasi tupu ni 0100000, alama ya usemi ni 0100010.

Mistari ile minne inamwonyesha hata mtoto. Biti ya pili kutoka kulia inalazimishwa kuwa 1. Herufi ambayo biti hiyo tayari ni 1, kama R yenye 1010010, haibadiliki. Ndiyo sababu 3+3 ilionekana sahihi: 6 ni 6. Na 2+2 ilikuwa imehesabiwa sahihi vilevile, jibu lilikuwa 4, ila 4 haikuweza kuonekana kwenye skrini.

Hapo ndipo ilipokuja hatua iliyonifundisha zaidi, na ilifanyika bila chombo chochote mkononi. Kama biti hiyo ingekuwa imekwama ndani ya kumbukumbu yenyewe, prosesa isingeweza kufika mahali pa kuandika READY. Inaweka humo anwani za kurudia baada ya kila kazi ndogo. Anwani hizo zingeharibika na ingepotea njia mara moja. Lakini haikupotea. Ilikuwa inahesabu, inajibu, inapokea kibodi. Kwa hiyo kumbukumbu ni nzima, na ubovu uko baada yake, kwenye njia inayotoka kwenye kumbukumbu kwenda kwenye 2716, chipu ya maumbo ya herufi. Kati ya bodi nzima ikabaki waya mmoja, wenye urefu usiozidi kidole.

Tulikuwa na kipimo tulichojitengenezea, transista na taa ya LED. Tukaugusa mguu wa soketi upande wa chini wa bodi: taa ikawaka, mapigo yapo. Tukaugusa mguu wa chipu upande wa juu, milimita chache tu kutoka pale: giza, hakuna mapigo. Bati la ndani ya tundu lile la soketi lilikuwa limelegea tangu huko lilikotoka. Mguu ulikuwa unaelea, na chipu ikausoma kama 1. Tukatoa soketi, tukaweka nyingine, na READY ikaandikwa kwenye skrini safi.

Baada ya hapo nilijifunza kuandika programu, kama wengine wote. Jambo ambalo vijana huwa hawaliamini ni namna tulivyopata programu za watu wengine. Zoran Modli, mtangazaji ambaye pia alikuwa rubani, alikuwa na kipindi kiitwacho Ventilator 202 kwenye Radio Beograd 202, na ndani ya kipindi alirusha hewani sauti za kaseti za programu. Unaweka redio kaseti tayari, unarekodi ule mlio, kisha unaupigia kompyuta na kuamuru OLD, na programu inaingia. Galaksija ilisoma kaseti kwa biti 280 kwa sekunde, hivyo kilobaiti 2 zilihitaji karibu dakika moja. Mimi, mtoto wa redio, nililia machozi ya furaha mara ya kwanza programu iliyopita angani ilipokaa kwenye kumbukumbu niliyoilehemu mwenyewe.

Maktaba ya kitivo ilinionyesha kwamba Galaksija ilikuwa na kaka zake. Jonathan Titus alichapisha Mark-8 katika Radio-Electronics, Julai 1974. Altair 8800 ikatoka kwenye jalada la Popular Electronics la Januari 1975. Jarida hilo hilo, Agosti 1976, lilichapa COSMAC ELF ya Joseph Weisbecker, yenye prosesa ya 1802 na baiti 256 tu za kumbukumbu, na Elektor ikaleta Junior Computer mwaka 1980. Mwaka 1986 jarida la Kisovieti la Radio lilichapa Radio-86RK, yenye chipu 29. Naipenda ELF kwa udogo wake, mtu anaweza kuishika yote kichwani. Hata hivyo naiweka Galaksija juu, kwa sababu kila uamuzi ndani yake umetokana na swali la msomaji ambaye hana fedha wala kibali cha forodha: tunaweza kukiacha nini, na kazi yake nani ataifanya?

Niliporudi nyumbani mashine ilibaki kwa mwenzangu, nami nikabeba jarida. Niliajiriwa kutengeneza vifaa vya hospitali. Vingi vilikuwa vya msaada, vya nchi tofauti, bila vitabu vyake, na ndani ya baadhi nilikutana na Z80 ile ile. Asubuhi moja mtaalamu wa maabara, dada mmoja makini sana, alinisubiri mlangoni.

"Kaka fundi, habari za asubuhi. Mashine ya kupima damu naiogopa."

"Nzuri, dada. Inakataa kuwaka?"

"Inawaka. Inatoa majibu. Lakini kuna alama ndogo inatokea kama herufi ya c, sijawahi kuiona. Nimeacha kuwapa madaktari majibu tangu jana mchana."

Nilimwomba apitishe sampuli moja baada ya nyingine, na mimi nikaandika tarakimu ya mwisho ya kila jibu kwenye karatasi. Mbili, sita, saba, tatu, ile alama, sita, mbili. Haikutokea sifuri, haikutokea moja, haikutokea nne wala tano. Mwili ulinisisimka. Ilikuwa biti ile ile, ya pili kutoka kulia. Sifuri ikilazimishwa inakuwa mbili, moja inakuwa tatu, nne inakuwa sita, tano inakuwa saba. Nane inakuwa kumi, na chipu ya 7447 inayowasha taa za tarakimu, ikipewa kumi, huchora umbo dogo linalofanana na c. Chipu za familia hiyo mguu ukielea huuhesabu kuwa 1. Nilifungua upande wa taa tu, wala sikugusa sehemu ya kupimia, nikakuta waya wa utepe umeachia kwenye kiunganishi.

Sababu ya kukisimulia kisa hiki ni yule dada. Mgonjwa ambaye kipimo chake ni 4 angeandikiwa 6, na jibu la 6 halina sura ya kushangaza, lingeingia kwenye cheti na dawa zingetolewa. Majibu mengine yangekuwa sahihi kabisa, kama 3+3 yetu. Aliyezuia hilo ni mtu aliyekataa kuizoea alama asiyoijua. Tangu siku hiyo, kifaa chochote cha tarakimu kikija mezani kwangu, kabla ya kukifungua nahakikisha nimeziona tarakimu zote kumi zikitokea. Kila kijana niliyemfundisha anafanya hivyo, na wengine wamekwisha kuwafundisha wenzao.

Kuna wanaoniambia siku hizi hakuna haja, kwamba kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyotoka 2012, inapatikana kwa bei ya kawaida na inafanya mara elfu ya yote hayo. Ni kweli, na mimi ninayo, nina furaha nayo. Lakini haiwezekani kuweka kipimo cha LED juu ya biti yake ya pili kutoka kulia. Chipu moja imemeza kila kitu, na anayeitumia analazimika kuamini. Kijana anayetaka kuwa fundi anahitaji angalau mashine moja maishani ambayo hakuna sehemu yake aliyoambiwa aamini tu.

Mashine hiyo bado inawezekana. Antonić aliiachia kazi yake watu wote, na michoro ya Galaksija haijafichwa. Zilog walitangaza mwaka 2024 kwamba wanaacha kutengeneza Z80 za kawaida na wakapokea oda za mwisho Juni mwaka huo, lakini zilizotengenezwa kwa karibu nusu karne ni nyingi, na nyingine zimelala ndani ya vifaa vilivyotupwa. Usianze na Galaksija nzima. Tafuta Z80 moja, ugavi wa volti 5 uliotulia, na saketi ya saa ya megahezi 4. Miguu minane ya data iunganishe kwenye sifuri kwa rezista, ili prosesa kila inapochota amri ikute sifuri tupu, amri ambayo kwake ina maana ya kupita bila kufanya kitu. Miguu ya kuingiza kama INT, NMI, WAIT na BUSRQ ipeleke kwenye volti 5 kwa rezista, usiache hata mmoja unaelea. RESET nayo iunganishe vivyo hivyo, na iweke kwenye sifuri kwa muda mfupi unapowasha. Kisha weka taa ya LED na rezista yake kwenye mguu wa A15. Prosesa itatembea anwani zote 65,536, moja kila sehemu ya milioni ya sekunde, na kuanza tena. Taa itapepesa karibu mara 15 kwa sekunde. Ukisogeza LED kwenda A14 kasi itakuwa maradufu, A13 maradufu tena, mpaka jicho lishindwe kufuata. Mguu ambao haufuati mpangilio huo, au unaobaki umetulia, andika jina lake kwenye karatasi kabla ya kugusa kitu kingine chochote.